Kitabu cha Fizikia Chuoni: Kichaguliwe Vipi?



Kila mwaka wa masomo unapokaribia, katika vyuo vya hapa Mengo na Kampala kwa jumla huulizwa swali lile lile: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasome fizikia kwa kitabu gani? Mara nyingi jibu hutoka ofisini, likifuata bei ya muuzaji au sifa ya jina lililo juu ya jalada. Mkufunzi hupewa kitabu kikiwa kimekwisha kununuliwa, na fundi wa maabara haulizwi kabisa. Matokeo ya mitihani yakiwa mabaya, wa kwanza kulaumiwa ni mwalimu. Kwa hiyo jambo hili si la wasomi peke yao. Ni jambo la kazi, nalo latuhusu sisi kama chama.

Kwanza, yatupasa kumtazama mwanafunzi mwenyewe. Anayesomea uuguzi anahitaji zaidi habari za joto, kanieneo na mwendo wa vimiminika, ili ajue kwa nini chupa ya dripu huinuliwa juu ya mgonjwa. Fundi wa umeme anahitaji mkondo, volteji na ukinzani. Anayesomea ualimu anahitaji yote hayo, tena kwa namna atakayoweza kumweleza mwingine. Kitabu kimoja hakiwezi kuwatosha wote watatu kwa kipimo kimoja.

Pili ni hesabu. Vitabu vya fizikia ya mwanzo ni vya namna tatu. Vipo vinavyoeleza kwa maneno na michoro, hesabu zikiwa chache. Conceptual Physics cha Paul Hewitt, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1971, ni cha namna hiyo. Vipo vinavyotumia aljebra na trigonometria tu, kama College Physics cha OpenStax cha mwaka 2012. Tena vipo vinavyotaka kalkulasi tangu sura za mwanzo, kama kitabu cha Halliday na Resnick cha mwaka 1960, au University Physics cha Sears na Zemansky cha mwaka 1949, ambavyo vyote vimechapwa upya mara nyingi. Hivi vya mwisho si vibaya hata kidogo. Ubaya ni kumpa mtu ambaye hajafundishwa kalkulasi. Atakariri fomula, na siku swali likigeuzwa kidogo tu atakwama.

Tatu, kitabu kipimwe kwa mambo ya hapa kwetu. Tuchukue mfano wa maji. Vitabu vingi husema maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ni kweli, ukiwa pwani. Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku juu kanieneo ya hewa ni ndogo zaidi. Kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mwanafunzi akitia kipimajoto katika maji yanayochemka ataona 96. Asipoelezwa, atadhani kipimajoto ni kibovu, au atafanya baya zaidi: ataandika 100 ili alingane na kitabu. Hapo amefundishwa kudanganya, hakufundishwa fizikia. Kitabu kizuri hueleza kwamba maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ile ya hewa ya nje. Maelezo hayo hayo humfahamisha muuguzi kwa nini vyombo vya upasuaji husafishwa kwa mvuke ndani ya mtungi uliofungwa kabisa. Kanieneo ikipandishwa humo, joto hufika nyuzi 121, na sufuria iliyo wazi haiwezi kufika huko hata ukiongeza moto kiasi gani.

Umeme nao una habari yake. Kitabu kilichoandikwa Marekani hutoa mifano ya volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Kwetu ni volti 240 na mizunguko 50. Kanuni ni ile ile, lakini majibu hubadilika. Birika la wati 2,400 lililotengenezwa kwa umeme wetu huvuta ampea 10. La wati hizo hizo kwa volti 120 huvuta ampea 20. Na birika la volti 120 likichomekwa hapa, volti zikiwa mara mbili, umeme unaoliwa huwa mara nne, nalo huungua. Mkufunzi anaweza kuyasahihisha hayo ubaoni, mradi ameyaona kabla ya siku ya somo.

Je, kitabu cha zamani kitupwe? La. Sheria za Newton hazijachakaa. Ila yafaa kujua kilichobadilika. Kwa mfano, matoleo ya kabla ya 2019 husema kilo hupimwa kwa kipande cha madini kilichohifadhiwa Ufaransa. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo imefungamanishwa na namba ya Planck, na kipande kile si kipimo tena. Karatasi moja ya masahihisho iliyobandikwa ndani ya jalada yatosha.

Kuhusu bei, vitabu vya OpenStax, vinavyotolewa na Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, havilipiwi vikisomwa kwa kompyuta au simu. Tena leseni ya College Physics yaruhusu kunakili na kuchapa, mradi chanzo kitajwe. Chuo kinaweza kupiga chapa sura zinazohitajiwa tu, bila kuvunja haki ya mwandishi.

Sasa kazi ya kuchagua ifanywe vipi? Tunashauri hivi. Chukueni mada moja ambayo wanafunzi huishindwa kila mwaka. Isomeni katika vitabu vitatu. Wapeni wanafunzi wachache kurasa hizo, kisha waelezeni wenzao walichofahamu bila kutazama kitabu. Kiingereza kigumu kitajidhihirisha hapo hapo. Fanyeni mazoezi ya mwisho wa sura ninyi wenyewe, na mwangalie kama majibu yapo na kama ni sahihi.

Halafu fundi wa maabara apitie majaribio yote na kuandika vifaa vilivyopo na visivyokuwapo. Jaribio la maana si lazima liwe la gharama. Kamba ya mita moja, nati ya chuma kutoka kwa mafundi wa Katwe na saa yenye mshale wa sekunde vyatosha kupima mvutano wa dunia: nati ikibembea mara 20, kwenda na kurudi, huchukua sekunde 40 hivi. Kitabu chenye majaribio ya namna hii kitatumika. Kile kinachodai mashine ambazo chuo hakina kitasomwa kama hadithi.

Basi madai yetu kwa wakuu wa vyuo ni matatu. Wakufunzi na mafundi wa maabara wawemo katika kamati ya kuchagua vitabu. Nakala moja ijaribiwe darasani kabla ya nyingi kuagizwa. Na mkufunzi apewe muda, ndani ya saa zake za kazi, wa kukisoma kitabu kabla hajakifundisha. Madai haya hayaongezi gharama kubwa kwa chuo. Gharama kubwa ni ile ya rafu iliyojaa vitabu vipya visivyofunguliwa, ambavyo mzazi amekwisha kuvilipia katika karo.