Mtu Akianguka na Moyo Ukasimama

Ndugu mkulima, mwezi huu tunaacha kidogo habari za mbolea na kupe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika foleni ya kuuza mahindi karibu na Kitale. Mzee mmoja alianguka ghafula akizungumza na wenzake. Mtu alimmwagia maji, wengine wakampepea kwa kofia, nami nikakimbia kutafuta gari. Lilipatikana baada ya robo saa, na mzee hakufika hospitalini akiwa hai. Huruma tulikuwa nayo. Maarifa hatukuwa nayo.

Moyo ni pampu. Ukisimama, damu haifiki kwenye ubongo, na baada ya dakika 4 hivi ubongo huanza kuharibika. Kila dakika ipitayo bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa sehemu 7 hadi 10 katika 100. Sasa piga hesabu mwenyewe: kutoka Ndalu mpaka Kitale, au kutoka Tongaren mpaka Bungoma mjini, ni dakika ngapi, tena barabara ikiwa na matope? Kwa hiyo anayeweza kuokoa ni yule aliye karibu, kwa mikono yake.

Mtikise mabega, umwite kwa sauti. Asipoitika, wala hapumui kama kawaida, anza kazi. Usidanganyike akitweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. Mwenzako apige simu 999 au 112 na kutafuta gari, wewe usiondoke. Mlaze chali juu ya ardhi ngumu, si juu ya magunia. Piga magoti kando yake, weka kiganja katikati ya kifua na cha pili juu yake, nyosha viwiko, ubonyeze kwa uzito wa mwili mpaka kifua kishuke sentimeta 5 hivi. Acha kiinuke, bonyeza tena, karibu mara 2 kila sekunde. Kazi hii huchosha kuliko kupura mahindi, basi pokezaneni kila dakika 2. Ubavu waweza kuvunjika. Usiache kwa sababu hiyo, ubavu hupona.

Gari likija, alazwe chali ndani yake na kazi iendelee. Kumketisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili ni kumwacha bila msaada njia nzima.

Mimi ni karani, si daktari. Lakini njia hii ilipotangazwa Marekani mwaka 1960, mmoja wa walioigundua, William Kouwenhoven, alikuwa injinia wa umeme.

Na umeme ni hatari yetu pia. Aliyeshikwa na waya usimguse kabla ya kuzima umeme. Lakini aliyepigwa na radi ni mbali kabisa. Wako wanaosema asiguswe, ama kwa desturi, ama kwa kuogopa kwamba umeme ungali mwilini. Haubaki. Mshike mara ile ile, mradi wewe mwenyewe usisimame chini ya mti, na ubonyeze kifua, maana mara nyingi moyo uliosimamishwa na radi huweza kurudi. Wakipigwa watu kadhaa, anza na aliyelala kimya, anayelia anapumua.