Umbali Gani Unatosha? Wakazi na Mitambo ya Betri za Lithiamu

Mtambo wa kuhifadhi umeme kwa betri una kazi moja: kupokea umeme ukiwa mwingi na kuurudisha kwenye gridi ukihitajika. Ndani yake mna betri za lithiamu, za jamii moja na zile za simu, ila hapa ni maelfu kwa maelfu, zimepangwa kwenye rafu ndani ya makontena au ndani ya jengo moja kubwa. Huko California, Marekani, paneli za jua huzalisha adhuhuri umeme unaopita mahitaji. Jua likizama, watu hurudi nyumbani, wakawasha taa, majiko na viyoyozi. Betri ndizo zinazoziba pengo hilo, kwa kawaida kwa saa nne hivi. Mwaka 2019 jimbo hilo lilikuwa na chini ya megawati 1,000 za hifadhi ya aina hii. Kufikia 2025 lilikuwa limevuka megawati 15,000.

Kadiri mitambo ilivyoongezeka, ndivyo na upinzani wa wakazi ulivyoongezeka. Paneli za jua na mitambo ya upepo huweza kupelekwa jangwani au milimani, lakini betri zina faida zaidi zikikaa karibu na vituo vya kupozea umeme, na vingi kati ya vituo hivyo vilijengwa zamani pembezoni mwa miji ambayo leo imevifikia na kuvizunguka. Ndiyo maana kampuni hutafuta kiwanja cha ekari chache kinachopakana na nyumba za watu, shule au shamba. Mtambo wenyewe hauna bomba la moshi, hauna harufu, na kelele yake ni ya mafeni ya kupoza tu. Kwenye karatasi ni jirani mpole. Wasiwasi wa wakazi ni juu ya siku utakapowaka.

Kila seli ya betri ina pande mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, na ndani yake mna kimiminika kinachoshika moto. Utando ukitoboka, au seli ikichajiwa kupita kiasi, au ikipata joto kali kutoka nje, kemikali zake huanza kuchomana zenyewe na kutoa joto, nalo joto hilo huzidi kuzichochea. Hapo hata kuzima swichi hakusaidii kitu. Seli huunguza jirani yake, jirani naye humwambukiza wa pili, hadi rafu nzima iwake. Maji hupoza vilivyo kando na kuzuia moto usiruke hadi kontena jingine, lakini hayafiki ndani ya seli zilizofungwa. Kwa sababu hiyo wazimamoto wengi sasa hufundishwa kukaa mbali na kuziacha betri ziungue hadi ziishe. Mkazi anayetazama kutoka barazani hawezi kulielewa hilo kwa urahisi: magari ya zimamoto yamefika, na hakuna anayeuzima moto.

Gesi ni hatari ya pili, na pengine ndiyo mbaya zaidi. Seli inayoharibika hutoa haidrojeni, kaboni monoksaidi na kiasi fulani cha haidrojeni floraidi, inayounguza macho na mapafu. Katika mji wa Surprise, Arizona, tarehe 19 Aprili 2019, seli za mtambo mdogo wa megawati 2 zilianza kuharibika. Mfumo wa kuzima moto ulifanya kazi kama ulivyoundwa, ukamwaga kemikali yake, lakini haikuweza kusimamisha joto lililokuwa ndani ya seli. Gesi zikazidi kujikusanya kwa saa kadhaa, na hapakuwa na tundu la kuzitoa. Wazimamoto walipofungua mlango, hewa ya nje ikaingia, na mlipuko uliofuata ukawajeruhi vibaya wanne kati yao. Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, mlipuko katika mtambo wa betri jijini Beijing uliwaua wazimamoto wawili.

Moto uliougeuza mjadala mzima, hata hivyo, ni wa Moss Landing. Ni kijiji cha wavuvi kwenye ghuba ya Monterey, kando ya kinamasi cha Elkhorn Slough chenye fisi-maji wa baharini, na nyuma yake kuna mashamba ya stroberi. Watu wa hapo si wageni wa mitambo. Kituo cha umeme kilianza kazi kijijini mwao mwaka 1950, na baadaye kikapata mabomba mawili ya moshi yenye urefu wa mita 150 hivi, ambayo huonekana kutoka pande zote za ghuba. Mwishoni mwa 2020 kampuni ya Vistra ilianza kutumia ukumbi wa zamani wa mashine za kituo hicho kuweka betri zenye uwezo wa megawati 300. Mtambo ukapanuliwa hadi megawati 750 mwaka 2023, na wakati huo ulikuwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani.

Dalili zilitangulia. Septemba 2021 beringi ya feni moja iliharibika ikatoa moshi, vitambuzi vikaamsha mfumo wa maji, na mipira iliyounganishwa vibaya ikayavujisha juu ya betri zilizokuwa nzima, zikapata shoti. Yaani kinga ndiyo iliyoleta madhara. Februari 2022 jambo la namna hiyo likatokea katika jengo la jirani. Septemba mwaka huo huo betri ya shirika jingine la umeme, ng'ambo ya uzio, iliwaka moto. Barabara kuu ya pwani ikafungwa na wakazi wakaambiwa wajifungie ndani.

Alasiri ya 16 Januari 2025 ukumbi ule wenyewe ukawaka. Ulikuwa na takriban moduli 100,000, na zaidi ya nusu ziliharibika. Watu zaidi ya 1,000 waliamriwa kuondoka makwao. Usiku kucha wingu jeusi lilitanda juu ya kinamasi na mashamba. Moto ulionekana kwisha, kisha tarehe 18 Februari ukafufuka kwenye mabaki. Glenn Church, mmoja wa madiwani wa kaunti ya Monterey, aliulinganisha, kwa sekta ya betri, na ajali ya nyuklia ya Three Mile Island ya mwaka 1979, iliyowafanya Wamarekani wengi kuiogopa nyuklia.

Baada ya moshi ikaja hoja ya vipimo. Wakala wa shirikisho wa mazingira, EPA, ulipima hewa na kusema haidrojeni floraidi na vumbi laini havikuvuka mipaka ya afya. Wakazi, kwa upande wao, walieleza maumivu ya kichwa, damu puani na ladha ya chuma mdomoni, na baadhi yao wakajifutia vumbi la madirishani na kulipeleka maabara wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha San José State, waliokuwa wakichunguza udongo wa kinamasi kwa miaka kadhaa kabla, walirudi kwenye sehemu zile zile na kukuta nikeli, manganisi na kobalti katika tabaka la juu zikiwa mara mamia hadi elfu ya viwango vya awali. Matokeo hayo mawili hayapingani: upande mmoja ulipima kilichopeperuka hewani, mwingine ukapima majivu yaliyotua. Lakini mwenye bustani na kuku aliambiwa kwanza kuwa hewa ni salama, halafu akasikia kuhusu udongo. Imani haikurudi kirahisi baada ya hapo. Kesi zilifunguliwa dhidi ya wamiliki na watengenezaji, na Erin Brockovich, mwanaharakati maarufu wa uchafuzi wa maji, akajiunga na upande wa walalamikaji.

Kobalti iliyotua kwenye tope la Elkhorn Slough ina historia inayowagusa wasomaji wa Kiswahili. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Lualaba na Haut-Katanga, Kongo, na katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi watu waliwahi kuchimba mashimo ya madini hayo hadi chini ya sakafu za nyumba zao. Vumbi la metali ile ile limelalamikiwa mwanzoni mwa safari ya betri na mwishoni mwake, ingawa walalamikaji hao ni nadra kutajwa pamoja.

Wenye mitambo wana jibu, nalo lina uzito. Ukumbi wa Moss Landing, wanasema, ni muundo wa jana: betri nyingi mno chini ya paa moja, tena za nikeli, manganisi na kobalti. Miradi mingi mipya hutumia betri za chuma na fosfeti, ambazo hustahimili joto kubwa zaidi kabla ya kuharibika, na huzitawanya nje katika makontena yaliyoachiwa nafasi ili moja likiwaka lisiambukize jingine. Taasisi ya utafiti wa umeme EPRI imeonyesha kuwa, kwa kulinganisha na uwezo uliojengwa, matukio ya kuharibika kwa mitambo hii yalipungua kwa asilimia 97 kati ya 2018 na 2023. Hayo ni ya kweli. Ila ni kweli pia kwamba betri za chuma na fosfeti zikiharibika hutoa haidrojeni nyingi, na kwamba mitambo ya muundo wa zamani haikutoweka kwa sababu muundo mpya umepatikana.

Zaidi ya hapo, asilimia hiyo haijibu swali la jirani. Mhandisi huhesabu ni mitambo mingapi kati ya yote itawaka. Jirani anao mmoja tu, na anataka kujua moshi wake utafika wapi. Hapo kanuni na mkazi hawazungumzi kipimo kimoja. Kanuni ya kitaifa ya zimamoto inayotumika sana Marekani, NFPA 855, huuhesabu mtambo ulio zaidi ya mita 30 hivi kutoka kwenye majengo na mipaka ya viwanja kuwa uko mbali. Mita hizo zilikusudiwa kuzuia moto kuruka, na kwa kazi hiyo zinafaa. Wingu la Moss Landing lilikwenda kilomita kadhaa.

Ugomvi wa umbali hugeuka haraka kuwa ugomvi wa nani mwenye kauli. Katika mji wa Morro Bay, kusini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, Vistra ilitaka kujenga mtambo wa megawati 600 mahali penye kituo cha umeme kilichofungwa. Novemba 2024, miezi miwili kabla ya moto wa Moss Landing, wapiga kura walipitisha sheria ndogo kwamba matumizi ya ardhi ile hayabadilishwi bila wao kuulizwa. Lakini sheria ya jimbo ya mwaka 2022 inaruhusu mwombaji wa mradi mkubwa kuiruka halmashauri na kwenda moja kwa moja kwenye Tume ya Nishati ya California. Mradi wa kwanza kuidhinishwa kwa njia hiyo, Juni 2025, ni Darden wa kaunti ya Fresno, wenye megawati 1,150 za jua na betri za uwezo huo huo, katikati ya ardhi kubwa ya kilimo. Haukuwa mtihani mgumu. Mtihani utakuja siku tume itakapoidhinisha mtambo katikati ya mji uliokwisha kukataa.

New York mambo yalichemka mapema zaidi. Majira ya joto ya 2023 mitambo mitatu iliungua katika kipindi cha takriban miezi miwili, gavana akaunda kikosi cha kuchunguza usalama, na miji mingi midogo ikasimamisha vibali. Mwaka huo huo betri za lithiamu ziliua watu 18 katika Jiji la New York, wengi wao kwa moto wa baiskeli na vyombo vingine vidogo vya umeme. Mitambo ya gridi haikuhusika na vifo hivyo, lakini neno lithiamu lilikuwa limekwisha kuharibika jina kwa mwananchi wa kawaida.

Si kila mpinzani hutaka betri zisijengwe kabisa. Wapo wanaohofia tu bei ya nyumba, na wapo waliokwisha kusema hapana kabla ya kusoma mchoro. Lakini katika vikao vya hadhara madai yanayojirudia ni ya vitendo: vipima hewa viwekwe kabla ya mtambo kuwashwa, udongo upimwe mapema ili kuwe na cha kulinganisha, wazimamoto wa hapo wapewe mafunzo na vifaa, na fedha za usafishaji ziwekwe kando mapema. Tangu 2023 sheria ya California inawataka wamiliki kuandaa mpango wa dharura pamoja na mamlaka za eneo, na Machi 2025 mdhibiti wa huduma za umma aliongeza viwango vya uendeshaji na matengenezo. Huko Moss Landing, betri zilizobaki hutenganishwa, huondolewa chaji na kusafirishwa chini ya makubaliano ya Vistra na EPA, katika kazi ambayo wakala huo umeiita kubwa kuliko usafishaji wowote wa betri za lithiamu uliowahi kuusimamia.