Makaburi ya nguzo: Urithi wa mawe unaoieleza Mombasa ya kale

MGENI anayezuru Mombasa aghalabu huelekezwa mahali pawili: Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596, na vichochoro vya Mji wa Kale vilivyo jirani yake. Ni nadra kuambiwa kwamba upande wa kusini-magharibi wa kisiwa hicho, huko Mbaraki, si mbali na kivuko cha Likoni, kuna nguzo ya matumbawe inayosimama kando ya msikiti wa kale, ikiwa imezungukwa na maghala na shughuli za bandari.

Wenyeji wengi hupita karibu nayo kila siku bila kujua ilijengwa kwa nini. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa nguzo hiyo na nyingine za aina yake ni miongoni mwa vielelezo adimu vya ustaarabu wa Waswahili. Ni vigumu kuvipata kwingineko katika ulimwengu wa Kiislamu.

Mataifa mengine yametambua thamani ya makaburi yao ya kale. Katika kisiwa cha Møn nchini Denmark, kwa mfano, yapo makaburi ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mgeni huinama, hupita katika ujia mwembamba na kuingia chumba walimolazwa wafu wa enzi ambayo haikuacha maandishi yoyote. Majina ya waliozikwa humo hayajulikani, na hakuna jamaa anayefika kuwarehemu. Makaburi ya pwani yetu ni tofauti. Hayaingiliki ndani, umri wake ni wa karne chache tu, lakini yangali na wenyewe.

Kaburi la nguzo ni nini?

Ni kaburi lililozungushiwa ukuta mfupi wa mawe, na juu ya ukuta huo, hasa upande wa kichwani, husimamishwa nguzo ndefu. Nguzo hizo huwa za mviringo, za pembe nne au za pembe nyingi. Mafundi walitumia mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la kuni. Kwa nakshi walipenda matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, kwa sababu huwa laini kuchonga na hukauka yakawa magumu.

Baadhi ya nguzo zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka Uchina, zilizopachikwa ukutani chokaa ikiwa mbichi. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ni mahali panapojulikana kwa pambo hilo, kama ilivyo Kunduchi nchini Tanzania. Bakuli hizo ni ushahidi kwamba aliyezikwa hapo, au jamaa zake, alikuwa na mkono katika biashara ya Bahari ya Hindi. Aidha humsaidia mtafiti kukadiria umri, maana mitindo ya kaure ya Uchina inafahamika kwa vipindi.

Makaburi haya yametapakaa kutoka kusini mwa Somalia hadi pwani ya Tanzania. Msafiri atayakuta Takwa katika kisiwa cha Manda, Malindi kando ya Msikiti wa Juma, Gede, Mnarani huko Kilifi, Ras Mkumbuu kisiwani Pemba, na Kaole karibu na Bagamoyo. Huko Gede lipo pia kaburi lenye maandishi ya mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Tarehe hiyo moja imekuwa kama kigingi ambacho wanaakiolojia, akiwemo James Kirkman aliyeuchimbua mji huo kuanzia mwaka wa 1948, wamefungia historia ya sehemu nyingine.

Kitendawili cha Mbaraki

Je, nguzo ya Mbaraki ni kaburi? Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba hapo amezikwa sheikh wa Wachangamwe, mojawapo ya Mataifa Matatu ambayo pamoja na Mataifa Tisa huunda Thenashara Taifa za Mombasa.

Utafiti, hata hivyo, unatoa picha yenye utata zaidi. Hamo Sassoon, aliyewahi kuwa mtunzaji wa makumbusho ya Fort Jesus, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa maoni yake, msikiti ulijengwa katika karne ya 15 na baadaye ukaachwa, na nguzo ikaja kusimamishwa muda mrefu baadaye, wakati mahali hapo palikuwa pamegeuka pa kuombea mizimu. Ramani ya Wareno ya mwaka wa 1728 tayari inaionyesha nguzo hiyo.

Ikiwa maoni hayo ni sahihi, basi Mbaraki inatufunza jambo muhimu: mahali patakatifu huweza kubadilisha maana bila kupoteza utakatifu wake. Msikiti ulikufa, pakawa mahali pa tambiko. Kisha msikiti ukafufuliwa, na leo unasaliwa tena. Muda wote huo wako waliofika na ubani na marashi ya waridi, wakitaka shida zao zitatuliwe.

Hapo ndipo penye mvutano. Masheikh wengi hufundisha kwamba kumwombea maiti ni jambo jema, ila kumwomba maiti ni ushirikina. Wengine hawapendi hata wazo la kujengea kaburi nguzo. Kwa upande wa pili, wako wanaoona kwamba kuyadharau makaburi hayo ni kuwadharau wazee waliouasisi mji. Mwandishi wa makala hii haamui mzozo huo. Inatosha kusema kwamba hoja ya imani isigeuzwe kisingizio cha kubomoa, wala hoja ya utalii isigeuzwe kisingizio cha kuwavunjia heshima wanaosali.

Mombasa yenyewe ina mfano mwingine katika kaburi la Shehe Mvita, ambaye masimulizi humtaja kuwa mwasisi wa mji wa Mvita baada ya enzi ya Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea. Jina lake ndilo jina la mji. Kaburi hilo limehusishwa na sherehe za Siku ya Mwaka, ambapo ng'ombe huchinjwa na dua kusomwa kuuombea mji heri. Huko Takwa nako, watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la nguzo, kwa kuwa wanajihesabu kuwa wazao wa mji huo uliohamwa.

Wafu wa kale zaidi

Anayetaka kurudi nyuma zaidi ya Uislamu hana haja ya kusafiri mbali. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti walifukua mabaki ya mtoto wa umri wa karibu miaka mitatu aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2021, nalo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa kisasa lililothibitishwa barani Afrika. Mwili ulilazwa kwa ubavu, miguu imekunjwa, ishara ya kwamba waliomzika walimtunza.

Na karibu na Ziwa Turkana, huko Lothagam, wafugaji wa kwanza walijenga takriban miaka 5,000 iliyopita makaburi ya pamoja yaliyowekewa nguzo za mawe. Huo ndio wakati uleule wa makaburi ya Denmark.

Jinsi ya kuzuru

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inazilinda sehemu zilizotangazwa kuwa turathi. Lakini sheria haina macho. Matumbawe huliwa na chumvi na unyevu, mizizi hupasua kuta, na thamani ya ardhi kisiwani huwatamanisha wajenzi. Mlinzi wa kweli ni jirani anayejua kilicho mbele yake.

Anayekwenda Mbaraki na avae mavazi ya heshima, aepuke nyakati za sala, na atake idhini kwa wasimamizi wa msikiti kabla ya kupiga picha. Asipande ukuta, asichokonoe chokaa, wala asiokote kigae hata kama kinaonekana hakina maana. Kigae kikiondolewa mahali pake huwa bubu. Akikuta mtu anaomba dua, na asubiri kando.

Walimu wa shule za Mombasa nao wana nafasi yao. Safari ya darasa kutoka Fort Jesus hadi Mbaraki haichukui hata siku nzima. Mtoto aliyeonyeshwa ngome peke yake atadhani historia ya mji huu ilianza na Wareno. Aliyeonyeshwa nguzo pia atafahamu kwamba Wareno waliukuta mji uliokwisha kuwa na wenyewe, misikiti yake na wafu wake.