Lengo, Shabaha na Kipimo: Istilahi za Mpango wa Mwaka wa Bandari ya Matembezi

Mipango ya mwaka ni miongoni mwa maandishi yanayotafsiriwa kwa wingi maofisini, na ni miongoni mwa yale yanayosomwa kwa shida. Shida hiyo haitokani na ugumu wa mambo yenyewe. Aghalabu hutokana na neno moja, *lengo*, kubebeshwa maana nne au tano katika ukurasa mmoja. Katika makala haya tumekusudia kuzitenganisha maana hizo, kueleza kila moja inastahili neno gani, na kuonyesha hasara inayotokea pale zinapochanganywa.

Kwa kuwa istilahi isiyo na mfano haishiki, tumechagua mfano mmoja wa kuandamana nao: bandari ndogo ya mji wa Santa Barbara, katika jimbo la California, Marekani. Sababu za kuuchagua ni mbili. Kwanza, mambo yake ni ya bahari, na Kiswahili si maskini wa maneno ya bahari. Pili, bandari hiyo huendeshwa na idara ya mji, na gharama zake hulipwa kwa ada na kodi za pango za wale wanaoitumia. Kwa hiyo swali la "mlituahidi nini mwaka huu, na mmetimiza nini?" huulizwa na watu ambao fedha zao zimo ndani.

Bandari yenyewe

Santa Barbara haikujaliwa bandari ya asili. Ufuo wake umeelekea bahari wazi, na gati la mbao lililojengwa na John P. Stearns mwaka 1872 lilipokea meli bila ya kinga ya mawimbi. Mwaka 1927 ulianza kujengwa ukuta wa mawe wa kukinga mawimbi, kwa mchango mkubwa wa tajiri mmoja mpenda vyombo, Max Fleischmann. Ukuta ulizuia mawimbi kama ilivyotarajiwa, lakini ulizuia pia mchanga ambao bahari huusukuma kando ya pwani hiyo kutoka magharibi kwenda mashariki. Mchanga ukajaa upande wa magharibi, kisha ukazunguka ncha ya ukuta na kuanza kuuziba mlango wa bandari. Fukwe za mashariki nazo, kwa kukoseshwa mchanga wao, zikaliwa na bahari. Tangu miaka ya 1930 imekuwa lazima kuuzoa mchanga huo na kuupeleka mashariki, na kila mwaka bahari huuleta mwingine.

Ndani ya bandari mna nafasi zaidi ya 1,100 za kufungia vyombo. Nyingi ni za mashua za matanga na motaboti za watu binafsi, lakini wamo pia wavuvi wanaoishi kwa kazi hiyo, wakiwamo wavuvi wa kamba koche.

Jina la bandari ya namna hii

Mfasiri huanza kukwama hapo hapo penye jina. Wako wanaoandika *bandari ya starehe*, na wako wanaoandika *bandari ya burudani*. Majina yote mawili yanaeleweka, lakini yote mawili yana kasoro. *Burudani* humpeleka msomaji kwenye ngoma, muziki na michezo ya jukwaani. *Starehe* huleta harufu ya anasa. Na diwani anayesoma bajeti ya kitu cha anasa huwa amekwisha kuihukumu kabla ya kufika kwenye hesabu.

Tunaona ni bora kufuata desturi ambayo lugha yenyewe imeiweka. Tunasema *bandari ya uvuvi* na *bandari ya mizigo*, yaani bandari hutajwa kwa kazi ya vyombo vinavyoingia humo. Vyombo vingi vinavyofungwa Santa Barbara ni vyombo vya matembezi. Basi na iitwe *bandari ya matembezi*. Nafasi ya kufungia chombo kimoja tunapendekeza iitwe *egesho*, wingi *maegesho*, neno ambalo umma umekwisha kulizoea kwa magari na ambalo halina ugeni likipelekwa majini.

Ngazi nne, maneno manne

Mpango wa mwaka ulioandikwa vizuri una ngazi nne, na kila ngazi hujibu swali lake.

Ngazi ya kwanza hujibu swali: ofisi hii ipo kwa ajili gani? Jibu lake haliishi muda wala halitimizwi likamalizika. Kuwapatia watu mahali salama pa kuingilia na kutokea baharini ni kazi ya bandari leo, na itakuwa kazi yake maadamu bandari ipo. Hii tunaiita *dhima*. Wengine hutumia *madhumuni*. Lakini neno hilo limekwisha kuchukua kazi yake katika sheria, kwani miswada ya Tanzania huambatana na maelezo ya "Madhumuni na Sababu". Ni vema kuliacha huko lilikozoeleka.

Ngazi ya pili hujibu swali: tunaelekea wapi katika miaka hii michache? Kwa mfano, kuufanya mlango wa bandari upitike majira yote, hata baada ya dhoruba. Hilo ndilo *lengo*. Neno hili limetokana na kitenzi *kulenga*, na anayelenga bado hajapiga. Lengo huonyesha upande wa kuelekea. Halisemi umefika au hujafika.

Ngazi ya tatu hujibu swali: mwaka huu tutafanikisha nini hasa, kwa kiasi gani, na ifikapo lini? Hiyo ndiyo *shabaha*. Shabaha hupigwa au hukoswa. Hakuna shabaha iliyopigwa "kwa kiasi cha kuridhisha".

Ngazi ya nne hujibu swali: tutajuaje kama tumepiga? Hapo tunahitaji *kipimo*, yaani kitu kinachohesabiwa au kupimwa kwa njia ileile kila mara. Kipimo kisichanganywe na *kigezo*, ambacho ni kiwango cha kuhukumia. Kina cha maji katika mlango ni kipimo. Kina ambacho chini yake mlango huhesabiwa kuwa si salama ni kigezo.

Ngazi hizi zikiandikwa zote *lengo*, mkuu wa idara aliyekosa shabaha yake anaweza kuripoti kwamba "malengo yanaendelea kutekelezwa", na hatakuwa amesema uongo. Atakuwa amehama kutoka ngazi ya tatu hadi ya pili bila ya mtu kumwona, kwa sababu mfasiri ndiye aliyemvunjia ukuta uliokuwa kati yake.

Kuitika na kufika

Sasa tutazame mifano mitatu ya shabaha. Tarakimu tunazozitaja humu ni za kuelezea tu.

Bandari ya namna hii huwa na askari wa doria wenye mashua za uokoaji. Tuseme shabaha yao ya mwaka imetafsiriwa hivi: *Asilimia 95 ya miito ya dharura iitikiwe katika muda wa dakika 5.* Sentensi ni fasaha, na msomaji hupita bila ya kusita. Lakini kuitika ni nini? Katika Kiswahili, aitikaye hujibu mwito kwa sauti. Askari aliyepokea simu na kusema "tumesikia, tunakuja" ameitika. Neno la Kiingereza linalotumika katika mipango ya namna hii hubeba mambo mawili: kujibu mwito, na kufika mahali palipoitwa msaada. Mfasiri aliyechukua la kwanza ameifanya kazi ya uokoaji kuwa kazi ya kupokea simu.

Tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao. Mtu aliyeanguka majini hahitaji kuitikiwa, anahitaji kufikiwa. Mwandiko sahihi ni huu: *Mashua ya uokoaji ifike mahali pa dharura katika muda usiozidi dakika 5 tangu mwito ulipopokewa, kwa miito isiyopungua 95 katika kila 100.* Sentensi imerefuka, lakini sasa inajulikana saa inaanza kuhesabu wapi na inasimama wapi.

Mchanga na kina

Mfano wa pili ni mchanga. Shabaha inaweza kuandikwa: *Kuzoa mchanga meta za ujazo 200,000.* Hapa kilichopimwa ni *kazi iliyofanywa*. Mchanga unaweza kuzolewa wote uliotajwa, kisha dhoruba moja ikaurudisha, na mashua zikakwama mlangoni ilhali ripoti inasema shabaha imepigwa kwa asilimia mia. Anayeingia na chombo hana haja na mchanga uliotoka. Haja yake ni maji yaliyobaki. Kwa hiyo shabaha ya manufaa huandikwa kwa *tokeo*: *Kina cha mlango wa bandari kisipungue meta 4 wakati wa maji kupwa, katika siku zisizopungua 350 za mwaka.* Maneno *wakati wa maji kupwa* hayawezi kuachwa. Kina kisichotajwa hali ya maji si kipimo. Baharia yeyote wa pwani yetu anajua kwamba mahali palipo na meta nne maji yakijaa, wakati wa bamvua huenda pakaonekana mchanga maji yakitoka.

Liko jambo jingine. Katika Santa Barbara, kuzoa mchanga wa njia ya vyombo ni kazi ya Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, nacho hutegemea fedha za serikali kuu. Idara ya mji haiwezi kuiandika kazi hiyo kana kwamba ni yake. Linaloiwajibikia ni kupima kina kwa wakati, kuwapa wahandisi taarifa, na kuwaonya mabaharia mlango unapopungua kina. Mfasiri anapokutana na sentensi isiyotaja mtenda, asikimbilie kauli ya kutendwa. Aulize kwanza: ni nani atakayefanya?

Egesho lililojaa

Mfano wa tatu unahusu mapato. *Maegesho yawe yamejaa kwa asilimia 98.* Je, yamejaa vyombo, au yamejaa wapangaji? Egesho linaweza kuwa na mpangaji anayelipa kila mwezi na chombo chake kikawa safarini miezi mitatu. Kwa mhasibu limejaa. Kwa mgeni aliyeingia usiku akitafuta pa kufunga liko tupu. Tutenganishe *egesho lililopangishwa* na *egesho lenye chombo*. Lililopangishwa huonyesha mapato. Lenye chombo huonyesha nafasi iliyopo ya kuwapokea wageni.

Mwaka upi?

Mwaka wa fedha wa mji wa Santa Barbara huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, kama ilivyo kwa serikali za Tanzania na Kenya. Dhoruba za kipupwe za huko hupiga katikati ya mwaka huo. Anayeandika "shabaha za mwaka 2024" amewaacha wasomaji wachague miezi wanayoitaka. Iandikwe *mwaka wa fedha 2024/25*, au tarehe zitajwe waziwazi.

Vitenzi visivyo na mwisho

Tumalizie na sarufi. Mipango yetu mingi huorodhesha vitenzi vya *ku-*: kuboresha, kuimarisha, kuendeleza, kuhamasisha. Vitenzi hivyo vinafaa katika ngazi ya lengo, kwa kuwa huonyesha upande wa kuelekea. Katika ngazi ya shabaha havifai, maana kitenzi cha namna hiyo hakitaji mtenda, hakitaji wakati, wala hakina mahali pa kukomea. Anayeboresha anaweza kuboresha maisha yake yote.

Lugha imetupa zana nyingine. Tunayo *ifikapo*, inayofunga tarehe. Tunayo *iwe imekwisha*, inayofunga ukamilifu. Tunayo *isipungue* na *isizidi*, zinazofunga kiasi. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kuandika ripoti anaweza kuwapa zoezi hili: wachukue sentensi moja ya *kuboresha* kutoka mpango wowote, waiandike upya kwa zana hizo. Wakishindwa, huenda kosa si la wanafunzi. Huenda mwandishi wa kwanza hakuwa na shabaha.

Istilahi tunazopendekeza

*Dhima*: sababu ya kudumu ya kuwapo kwa ofisi au chombo cha umma.

*Lengo*: hali inayokusudiwa kufikiwa baada ya miaka kadhaa.

*Shabaha*: tokeo la mwaka mmoja lililotajwa kwa kiasi na tarehe.

*Kipimo*: kitu kinachopimwa ili kujua kama shabaha imepigwa.

*Kigezo*: kiwango kinachotumika kuhukumu kipimo.

*Tokeo*: mabadiliko anayoyapata mtumiaji, mbali na kazi iliyofanywa.

*Bandari ya matembezi*: bandari inayohifadhi hasa vyombo vya watu binafsi visivyo vya biashara.

*Egesho*: nafasi ya kufungia chombo kimoja.

Maneno haya yote yalikuwamo katika lugha. Tulichofanya ni kuyagawia kazi. Mgawanyo huo hautadumu kwa kuchapwa hapa, bali kwa kutumiwa na wale wanaojaza fomu, wanaosahihisha ripoti na wanaozisoma mbele ya mabaraza ya madiwani. Mpango ni ahadi ya ofisi kwa watu wake, na ahadi isiyoeleweka haidaiki. Tunawaomba wafasiri wayajaribu maneno haya katika mipango ya mwaka ujao wa fedha, iwe ya bandari, ya soko au ya maji ya mji, na yale yatakayoshindwa kazi tuletewe ili yajadiliwe upya.