Ubongo Nao Hujifunza Kuona

Wengi wetu tunadhani macho ndiyo yanayoona. Kumbe macho hupokea nuru tu. Ubongo ndio unaotambua kinachoonekana, nao hujifunza kazi hiyo utotoni.

Katika miaka ya 1960 huko Marekani, wataalamu David Hubel na Torsten Wiesel walifumba jicho moja la mtoto wa paka kwa miezi michache. Walipolifumbua, jicho lenyewe lilikuwa zima lakini halikuona, kwa kuwa chembe za ubongo zilikwisha kulizoea lile jingine. Paka mkubwa hakudhurika hivyo. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel.

Mzee mwenye mtoto wa jicho akichelewa kupasuliwa, kwa kawaida bado ataona. Mtoto mchanga akicheleweshwa, ubongo wake hukosa kujifunza, na upasuaji wa baadaye hautamrudishia uoni kamili.

Basi wazazi, tukiona weupe katika mboni, au makengeza yasiyokwisha, tusingoje mtoto akue. Tumpeleke hospitali mara moja. Weupe huo waweza hata kuwa kansa. Na daktari akiagiza jicho zima lizibwe kwa saa kadhaa, tusishangae: ndivyo ubongo unavyofundishwa kulitumia lile dhaifu.