Mwendo wa Biti na Fedha za Mwanachama

Kila mwaka, kabla ya msimu wa kununua pamba kufunguliwa, mafundi wa viwanda vya kuchambulia pamba huwa na kazi kubwa ya matengenezo, na sehemu yake moja ni kutoboa chuma. Kazi hiyo yafanyika pia Geita, ambako makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu hutaka mabamba mapya mara kwa mara. Biti inapoungua, fundi hulaumu duka. Mara nyingi kosa si la duka, bali ni la mwendo. Hasara hiyo, hata ikiandikwa katika fungu lipi la hesabu, hatimaye hupunguza malipo ya mwanachama.

Hapana budi kutofautisha miendo miwili. Wa kwanza ni mwendo wa kukata, yaani mita ambazo ukingo wa biti hupita juu ya chuma kwa dakika moja. Kwa biti za kawaida za karakanani, chuma laini hufaa mita 25 hivi, chuma cha kumiminwa katika kalibu mita 20, na chuma kigumu kama cha springi za gari mita 10 tu.

Ili kupata mizunguko ya mashine kwa dakika, zidisha mita hizo kwa 320, kisha gawanya kwa kipenyo cha biti katika milimita. Biti ya milimita 10 kwenye chuma laini yahitaji mizunguko 800. Ya milimita 20 yahitaji 400. Ya milimita 5 yahitaji 1,600. Kwa hiyo biti ikiwa nene, mashine izunguke polepole. Fundi asiyehamisha mkanda wa puli anapobadili biti huiunguza ile nene: ncha hugeuka rangi ya buluu, na makali yake yamekwisha.

Mwendo wa pili ni wa kusukuma, yaani kina ambacho biti huingia kwa kila mzunguko. Biti ya milimita 10 hufaa milimita 0.2. Kwa mizunguko 800, hiyo ni milimita 160 kwa dakika. Anayesukuma kwa nguvu mno huvunja biti. Anayesukuma kwa woga huifanya isugue badala ya kukata, nayo hupata moto na kuwa butu.

Chuma laini kitiwe mafuta ya kupoza. Chuma cha kalibu hutobolewa kikavu. Kazi ibanwe katika jiliwa, isishikwe kwa mkono kamwe.

Katibu si lazima awe fundi. Yatosha ahakikishe kwamba jedwali la mizunguko limebandikwa ukutani karibu na mashine, na kwamba kila biti inayotolewa stoo imeandikwa daftarini: kipenyo, tarehe na kazi iliyofanya. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama chama kinanunua biti kwa sababu ya kazi, au kwa sababu ya haraka.