MAPIGO YA MOYO NDANI YA SIKIO



Askari anapolalamika kuwa hasikii vizuri, wengi husingizia milio ya bunduki. Mara nyingi ndivyo ilivyo; lakini si kila uziwi wa askari umetoka katika uwanja wa shabaha.

Kelele za silaha kwa kawaida hudhuru masikio yote mawili, hata kama moja litaumia zaidi, na huacha mlio mwembamba usiokoma. Uko ugonjwa mwingine, wa nadra, unaoshika sikio moja. Mgonjwa husikia ndani yake mdundo unaokwenda sawasawa na mapigo ya moyo, kisha usikivu hupungua polepole. Mara nyingi hana maumivu wala usaha.

Huo huweza kuwa uvimbe wa glomasi. Chembe zinazouzaa zilielezwa mwaka 1941 na Stacy Guild wa Marekani. Na mwaka 1945 Harry Rosenwasser, daktari wa huko huko, alitoa taarifa ya uvimbe wa namna hiyo aliouondoa sikioni. Kwa kawaida si saratani, nao hukua taratibu. Hatari yake ni kwamba umejaa damu, tena umejificha karibu na mshipa mkubwa wa shingo na neva inayoendesha misuli ya uso.

Daktari akimulika sikio huona wekundu nyuma ya kiwambo. Hapo haifai kukata kipande cha kupima, maana damu yaweza kutoka kwa wingi. Njia iliyo salama ni kupima usikivu, kisha kupiga picha za kompyuta na za sumaku zionyeshe mipaka ya uvimbe. Ulio mdogo huondolewa kwa upasuaji wa darubini. Ulio mkubwa huzibwa kwanza mishipa inayoulisha damu, ndipo upasuliwe. Ama hutibiwa kwa mionzi ili usiendelee kukua. Wazee wengine huangaliwa tu kwa vipindi.

Basi, anayesikia mdundo katika sikio moja na ashike mapigo ya mkononi, alinganishe. Yakienda pamoja, amwone daktari wa masikio, kwani hata kama chanzo ni kingine, dalili hiyo haipuuzwi. Naye mkuu wa kikosi asiharakishe kudhani kwamba askari wake anatega kazi. Mlinzi asiyesikia vema hujihatarisha yeye, na wenzake pia.